Kilimo endelevu cha jamii katika maeneo makame: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya vikundi vya wakulima na wafugaji wanaotegemea mvua ya kama milimita 300 hadi 800 kwa mwaka, inayonyesha kwa vishindo vichache na kukatika bila kuaga. Vipimo vilivyotolewa ni vya kuanzia. Virekebisheni kufuatana na udongo wenu.

Kila mtu ana shamba lake. Kwa nini tufanye kwa kikundi?

Maji hayajui mpaka wa shamba, na mbuzi vilevile. Aliye juu ya mteremko asipokinga maji, mtiririko wake utavunja kingo za aliye chini, hata ziwe zimechimbwa kwa ustadi gani. Anayepanda mtama mapema peke yake hulisha ndege wa kijiji kizima. Anayeacha mabua yafunike udongo huamka akakuta yameliwa. Mbinu nyingi za ukame zinajulikana na si ngumu. Zinapokufa, mara nyingi huuawa na jirani ambaye hakushirikishwa tangu mwanzo.

Mvua yetu ni kidogo mno. Kuna cha kukinga kweli?

Piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo mvua ya milimita 500 kwa mwaka huangusha zaidi ya lita milioni 2 kwenye ekari hiyo moja. Kinachokosekana ni muda wa maji hayo kukaa shambani. Udongo ulioachwa wazi hupigwa na matone mpaka ukafunga ngozi juu, kisha maji huteleza kama juu ya bati. Chini yake huenda kuna tabaka gumu, kwa kawaida kwenye kina cha sentimita 15 hadi 20, lililojengwa na miaka ya kulima kwa kina kilekile.

Kulitambua si kazi. Siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, sukuma fito nyembamba ya chuma ardhini. Ikiingia vizuri kisha ikagoma ghafla kina kilekile kila mahali, tabaka lipo. Au ng'oa mmea mkubwa: mzizi mkuu uliojikunja na kwenda kando umekwisha kukujibu.

Wekeni pia kipimo cha mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka, lililokaa sawasawa mbali na miti na mapaa, linatosha. Kila asubuhi saa ileile pimeni kina cha maji kwa rula, andikeni, mwageni. Kina cha milimita 12 ndani ya kopo ni mvua ya milimita 12, haijalishi kopo ni pana au jembamba, mradi mdomo na kitako ni sawa.

Tuanze na mbinu ipi?

Inategemea ardhi. Tambarare au mteremko mdogo wenye udongo mgumu uliokufa: mashimo ya zai au nusu mwezi. Mteremko unaoonekana kwa macho: matuta ya kontua (yanayofuata mstari wa usawa mmoja kukatiza mteremko), fanya juu au mistari ya mawe. Shamba ambalo bado lina rutuba lakini lina tabaka gumu: jembe la ripa linalopasua mstari wa kupandia tu, bila kugeuza udongo wote. Palipo na visiki vinavyochipua, kisiki hai (kutunza machipukizi yake yawe miti) kianze mwaka huohuo, kwa kuwa hakidai mbegu wala maji ya kumwagilia.

Tusilopenda kuona ni kikundi kinachoanza na bwawa. Bwawa ni kazi ya mwaka wa tatu, wakati watu wamekwisha kujua kama wanaweza kufanya kazi pamoja.

Mashimo ya zai huchimbwaje?

Huchimbwa kiangazi, wakati mikono ipo na udongo uko wazi. Asili yake ni ukanda wa Sahel, kusini mwa jangwa la Sahara. Katika jimbo la Yatenga, Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo aliyaboresha kuanzia miaka ya 1980 kwa kuyapanua na kutia samadi ndani, na kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018.

Kila shimo lina upana wa sentimita 20 hadi 40 na kina cha sentimita 10 hadi 20. Umbali kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya jingine ni kama sentimita 80, na mstari wa pili uingie kwenye mapengo ya wa kwanza ili maji yanayopita huku yanaswe kule. Udongo uliochimbwa hurundikwa upande wa chini wa mteremko kama kikingo cha mwezi mchanga. Ukiurundika upande wa juu umejenga ukuta wa kuzuia maji yasiingie, na kosa hili ni la kila siku.

Tia viganja viwili vya samadi iliyooza, kama gramu 300, ufunike kwa udongo kidogo. Samadi mbichi huunguza miche na huleta mbegu za magugu. Mvua ikishika, panda mbegu 5 hadi 8 za mtama au uwele, na miche ikifika wiki mbili au tatu punguza ibaki 2 au 3. Kupunguza ndiko watu wanakoona uchungu, lakini mimea sita kwenye shimo moja wakati wa ukame wa katikati ya msimu hunyang'anyana maji mpaka yote inyauke.

Kwa umbali wa sentimita 80 ekari moja hubeba takriban mashimo 6,300, na samadi inayohitajika ni karibu tani 2. Mtu akichimba mashimo 100 kwa siku, ekari ni siku 63 za mtu mmoja. Kikundi cha watu 15 huimaliza kwa siku nne na kitu. Hapo ndipo msaragambo, yaani kazi ya pamoja, unapokuwa na maana. Kasi yenu ipimeni wenyewe kwa kuchimba asubuhi moja, kisha pangeni ratiba kwa hesabu hiyo.

Msimu unaofuata mashimo hayohayo husafishwa na kutiwa samadi upya. Kazi hupungua sana. Kwenye mchanga mtupu zai hazifai kwa kuwa kuta hubomoka, na kwenye mbuga ya udongo mfinyanzi inayotuamisha maji hugeuka vidimbwi vya kuozesha mizizi.

Na nusu mwezi?

Ni wazo lilelile kwa ukubwa zaidi: kikingo cha nusu duara chenye kipenyo cha mita 4 hivi, mdomo ukitazama juu ya mteremko, kina cha sentimita 15 hadi 25. Hufaa kwa malisho na miti kuliko kwa shamba la nafaka linalopitisha ng'ombe wa kulimia. Ncha zote mbili lazima ziwe usawa mmoja. Ncha moja ikiwa chini, maji yote hutokea hapo na kuchimba mfereji.

Tunapataje mstari wa kontua bila fundi wa upimaji?

Kwa fremu ya A. Chukueni fito mbili zilizonyooka za mita 2, zifungeni juu, kisha fito ya tatu ikate katikati kama herufi A. Kutoka kileleni ning'inizeni kamba yenye jiwe, ipite mbele ya fito ya kati.

Kabla ya kuitumia, isawazisheni. Pigeni vigingi viwili penye miguu, wekeni alama mahali kamba inapokata fito ya kati. Geuzeni fremu ili mguu wa kulia ukae penye kigingi cha kushoto, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Fremu isiyosawazishwa hudanganya kila hatua upande uleule, na baada ya mita 100 mstari umekuwa mfereji.

Shambani, mguu mmoja hubaki penye kigingi, wa pili husogezwa juu au chini mpaka kamba iguse alama ya katikati, kigingi kinapigwa, na kuendelea. Mkimaliza simameni mbali mtazame: vigingi vinavyoruka ghafla vilainisheni kidogo ili mstari ulimike. Siku ya upepo msijisumbue, jiwe halitatulia. Tumieni mpira wa maji unaoonyesha ndani, au ahirisheni.

Fanya juu ni nini, na mistari ikae umbali gani?

Ni mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 uliochimbwa kwenye kontua, udongo wake ukarushwa upande wa juu na kuwa tuta. Mbinu hii imeenea sana Machakos, Kenya. Acheni hatua ya sentimita 15 hadi 30 kati ya mtaro na tuta, la sivyo udongo hurudi mtaroni mvua ya kwanza. Kwa miaka kadhaa udongo unaoteremka hujikusanya nyuma ya tuta, na shamba hujilainisha lenyewe kuwa ngazi.

Umbali hupatikana kwa kimo cha mtu: mstari unaofuata huanza pale mteremko uliposhuka kama mita 1.7. Kwa mteremko wa asilimia 5 hiyo ni karibu mita 34, asilimia 10 ni mita 17, asilimia 15 ni mita 11.

Anzeni juu, mshuke. Tuta la chini lililojengwa kabla ya la juu hupokea maji ya mlima mzima. Mtu mwenye shamba la juu akikataa, simamisheni kazi mkazungumze naye kwanza, hata ikichukua msimu. Na msijenge kwa urefu tu bila kuangalia kimo cha tuta: pakiwepo sehemu moja iliyo chini kwa sentimita 10, maji yote ya mstari huo yatapita hapo. Tuta lipandwe majani msimu huohuo. Majani tembo hufaa palipo na unyevu; vetiva huvumilia ukame zaidi, ila haina faida kubwa kwa mifugo.

Kisiki hai kinafanywaje?

Mashamba mengi yanayoonekana hayana miti yana msitu chini ya ardhi: visiki na mizizi hai inayochipua kila mwaka, ikafyekwa kila mwaka. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alianza kuitumia hali hiyo katika eneo la Maradi, Niger, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo miti iliyorudi kwa njia hiyo nchini humo imefunika mamilioni ya hekta. Dodoma, Tanzania, mbinu hiyo inajulikana kwa jina hili la kisiki hai.

Kagua visiki, chagua unavyovitaka. Kwenye kila kisiki acha machipukizi 2 hadi 5 yaliyonyooka na yenye afya, kata mengine. Yaliyobaki pogoa matawi ya pembeni kutoka chini hadi nusu ya urefu. Kata kwa kisu au panga kali ukielekea juu. Ukikata kuelekea chini gome huchanika na ugonjwa huingia. Funga kitambaa cha rangi ili kila apitaye ajue mti huu una mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi michache kupunguza machipukizi mapya.

Usibakize chipukizi moja tangu mwaka wa kwanza. Upepo au ng'ombe akilivunja umerudi mwanzo. Matawi yaliyokatwa yalazwe juu ya udongo ulio wazi. Jamii ya mgunga iitwayo Faidherbia albida ikiwepo, ithaminini: hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo haigombani na mazao kwa mwanga.

Kabla ya yote, ulizeni sheria ya mahali penu inasemaje juu ya miti ya shambani. Mkulima asiye na uhakika kwamba mti ni wake ataung'oa ukiwa mdogo.

Tupande lini?

Mvua ya kwanza ni tapeli. Subirini milimita 20 hadi 25 ndani ya siku mbili, kisha chimbeni: udongo uwe umelowa hadi kina cha sentimita 15 angalau. Mtama na uwele vinaweza kupandwa kwenye udongo mkavu kabla ya mvua, kina cha sentimita 4 au 5, ili mvua ndogo isiviamshe bure. Kunde na choroko msivipande hivyo, huoza.

Mazao gani, na mbegu tuzitoe wapi?

Choroko hukomaa kwa siku 60 hadi 70, uwele 75 hadi 90, mtama wa muda mfupi 90 hadi 110. Mbaazi hukaa shambani muda mrefu lakini mzizi wake hushuka na kupasua udongo. Muhimu ni kutoweka kila kitu kwenye zao moja. Mahindi yakipandwa, yawe kwenye sehemu inayopokea maji ya ziada.

Mbegu ya kikundi ijaribiwe wiki mbili kabla ya kupanda: hesabuni punje 100, zikunjeni kwenye kitambaa chenye unyevu, baada ya siku 5 hadi 7 hesabuni zilizoota. Zikifika 80 mko salama. Zikiwa 60 hadi 80 ongezeni punje kwa kila shimo. Chini ya hapo tafuteni nyingine.

Kuhifadhi, pimeni ukavu kwa chumvi. Tieni chumvi iliyokauka kabisa na punje ndani ya chupa kavu ya kioo, tikiseni dakika chache, ziacheni zitulie. Chumvi ikishikamana kwenye kuta, nafaka bado ina unyevu na itaota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mfuko usiopitisha hewa haukaushi nafaka. Hufungia ndani unyevu uliokuwemo.

Samadi haitoshi. Mbolea ya viwandani tuiache kabisa?

Si lazima. Kiasi kidogo penye mmea kina faida kuliko kingi kilichomwagwa: kizibo kimoja cha soda, kama gramu 6, kwa shimo, sentimita chache kutoka kwenye mbegu na kufukiwa. Ikiwekwa kwenye udongo mkavu au kugusa mbegu, inaunguza. Mboji nayo, mahali pakame, itengenezwe ndani ya shimo badala ya rundo la juu, kwa sababu rundo hukauka na kuacha kuoza. Ukiminya konzi ya mboji inapaswa kushikamana bila kudondosha maji.

Mifugo inakula kila kitu. Tuizuie?

Kuizuia yote hakuwezekani, na wafugaji ni wanajamii. Makubaliano yenye kudumu hutaja tarehe na mahali. Wasukuma wana ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea. Shinyanga ilirudisha uoto kwenye maeneo makubwa kwa kufufua desturi hiyo kupitia mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986.

Kwa mabua, gawaneni: sehemu ibaki kufunika angalau theluthi ya udongo, iliyobaki ikatwe na kupelekwa kwa mifugo zizini. Samadi irudi shambani. Mfugaji asiye na shamba apewe anachokipata wazi, kwa mfano haki ya kupitisha ng'ombe wake baada ya mavuno kwa njia iliyowekwa alama.

Kikundi kiwe na watu wangapi, na sheria zipi?

Watu 15 hadi 25 wanaofahamiana. Zaidi ya hapo, gawanyikeni. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi jamii zinavyosimamia malisho, maji na misitu ya pamoja, alionyesha jambo ambalo wazee wengi wangelitambua: sheria hudumu zikitungwa na wanaozifuata, mipaka ikijulikana, wakaguzi wakitoka miongoni mwao, na adhabu ikianza ndogo na kupanda kwa anayerudia.

Andikeni basi: siku ya kazi na saa ya kuanza, nani anahesabiwa kuwa alikuwepo, asiyeweza kuchimba anatoa nini badala yake (kupika, kubeba maji, kutunza daftari), mashamba yanafuatana vipi, na faini. Mpangilio wa mashamba ufuate mteremko. Mwenyekiti akianza na shamba lake lililo bondeni, mmeharibu mawili kwa pamoja: kazi na kuaminiana.

Vikao viwekwe saa ambayo wanawake wanaweza kufika, kwa kuwa sehemu kubwa ya palizi iko mikononi mwao. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hatachimba fanya juu, na hakosei. Msaidieni apate mkataba wa miaka mitatu au mitano kwanza.

Fedha za kikundi zitunzwe vipi?

Sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, mwenye sanduku asiwe na ufunguo. Fedha zihesabiwe mbele ya wote, ndani ya kikao tu. Mgao wa mwaka upangwe wiki chache kabla ya kupanda, ili fedha ikutane na mahitaji ya mbegu. Mikopo ya pembejeo irejeshwe baada ya mavuno, si kila wiki.

Mradi wa nje ukija na malipo ya kila siku kwa kuchimba, pokeeni zana na mafunzo, lakini jadilini malipo kwa uangalifu. Mitaro mingi iliyochimbwa kwa posho haikuzibuliwa tena posho ilipokwisha.

Lambo au bwawa la mchanga?

Lambo la wazi hupoteza maji mengi juani, kiasi cha mita 2 za kina kwa mwaka penye joto kali. Lenye kina cha mita moja na nusu ni sahani tu. Bwawa la mchanga, kama yale ya Makueni na Kitui, Kenya, ni ukuta ndani ya mto wa msimu. Mchanga hujaa nyuma yake na maji hukaa ndani ya mchanga, mbali na jua.

Linahitaji mto wenye mchanga wa chembe kubwa na mwamba usiopasuka chini. Jaribuni: jazeni ndoo mchanga mkavu, mimineni maji yaliyopimwa hadi yafike usoni, toboeni chini, pimeni yanayotoka. Mkipata robo ya ujazo wa mchanga, ni mzuri. Mchanga laini hushika maji lakini hauyaachii. Kuta hujengwa kwa awamu, ili tope lipite juu na mchanga mzito ubaki; ukuta uliopandishwa mara moja hujaa tope. Zinazovuja huvuja chini, penye msingi usiofika mwambani, au pembeni, mabawa (ncha za ukuta zinazoingia kingoni) yakiwa mafupi na mto ukayazunguka. Kwa kazi hii lipeni mhandisi.

Ndege wanamaliza mtama. Dawa ni nini?

Kupanda eneo zima ndani ya wiki moja. Kwelea kwelea watakula, lakini hasara hugawanyika. Mtama mwekundu wenye ukakasi huliwa kidogo zaidi kuliko mweupe.

Tutajuaje kama mbinu inafaa kwetu?

Fungueni shamba darasa. Pimeni vipande viwili vya mita 10 kwa 10 kwenye udongo unaofanana, badilisheni jambo moja tu: zai upande huu, kilimo cha kawaida upande ule, mbegu ileile, tarehe ileile. Kutaneni kila wiki mbili, angalieni rangi ya majani, wadudu, na kina cha unyevu kwa kuchimba. Wakati wa mavuno pimeni punje zilizokauka kutoka kila kipande. Zidisheni kwa 40 mpate takriban kilo kwa ekari. Andikeni pia siku za kazi, kwa sababu kuna mbinu inayoongeza mavuno lakini inakula mikono isiyokuwepo. Rudieni misimu mitatu. Mwaka wa mvua nyingi, vipande vyote viwili huweza kufanana, na hapo ndipo watu huacha.